Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Leso Zetu na Mikono Iliyozitengeneza

Ndugu wanachama, asalaam aleikum.

Ya hesabu nitayapita haraka. Vitabu vimekaguliwa, mhazini atavisoma, na deni la kodi ya ofisi limelipwa. Muda uliobaki nauomba kwa jambo moja lililonikosesha raha mwaka mzima.

Sote hapa tu wauzaji wa leso, yaani kanga, na tunajua kuikagua. Tunaikunjua, tunatazama pindo kama limenyooka, mji, yaani sehemu ya katikati, kama rangi haikuvuja, jina, yaani maneno yaliyoandikwa, kama halikukosewa herufi, kisha tunaisugua kwa kidole kilicholowa. Mwaka huu nilimuuliza muuzaji wangu wa miaka mingi swali ambalo sikuwahi kumuuliza: nyuzi za kitambaa hiki zimesokotwa wapi, na nani? Akanitumia ankara. Ankara ina jina la mchapaji peke yake. Nilipomrudia, akasema hakuna mteja wa Mombasa aliyewahi kumuuliza hayo. Nililala na jibu hilo siku nyingi.

Leso nyingi huchapwa India, na Jetpur katika Gujarat inajulikana sana kwa kazi hiyo. Lakini mchapaji hununua kitambaa, mfumaji naye hununua nyuzi, na viwanda vingi vya kusokota viko Tamil Nadu, kusini. Huko kumekuwa na mpango uitwao sumangali. Msichana wa kijijini huajiriwa kwa miaka mitatu hivi, hulala bweni la kiwanda, hatoki bila ruhusa, na sehemu ya ujira wake huzuiwa mpaka mwisho wa mkataba, iwe akiba ya mahari, maana kwao mahari hutolewa na upande wa mke. Akiugua akaondoka kabla ya muda, aweza kuikosa fedha yote ile. Shirika la Kazi Duniani limeorodhesha dalili 11 za kazi ya kulazimishwa, na kuzuiwa mshahara na kufungiwa ndani ni miongoni mwazo. Kisha leso hiyo ndiyo tunayomvisha bibi harusi wetu.

Sisemi kila leso imepita humo. Ila hakuna kati yetu, mimi wa kwanza, mwenye karatasi ya kuonyesha kwamba yake haikupita.

Baadhi yenu mlisema mzigo ukiwa na hati ya ubora umesafika. Hati ile hupima bidhaa. Ya mfanyakazi haiyagusi. Na kontena likishashuka bandarini Kilindini, fedha zetu zimekwisha kwenda. Swali lazima liulizwe kabla ya oda kulipwa.

Nakubali kwamba duka moja likiuliza peke yake litapuuzwa. Ndiyo maana kamati inapendekeza tuagize kwa pamoja, tutumie fomu moja ya ukurasa mmoja: nani alisokota, nani alifuma, wafanyakazi hulipwa lini, na pasipoti au vitambulisho vyao hukaa kwa nani. Hilo la mwisho halihitaji maelezo kwa watu wa Pwani. Wengi wetu tuna binti au mpwa aliyekwenda Ghuba akanyang'anywa pasipoti siku ya kwanza.

Pia tujitazame sisi wenyewe. Tukipunguza bei hadi mfupa na kutaka mzigo ndani ya wiki tatu, kuna mtu atakayekeshwa ili tuupate.

Muuzaji akigundulika ana kasoro, tusimkimbie siku hiyo hiyo, maana wasichana watabaki palepale. Mwaka 2020 Marekani ilizuia glavu za kampuni moja kubwa ya Malaysia kwa tuhuma za kazi ya kulazimishwa. Zuio liliondolewa 2021, baada ya wafanyakazi wa kigeni kurudishiwa ada walizotozwa kupata kazi, zaidi ya dola milioni 30. Kilichowafikia wafanyakazi ni fedha zao, na hilo ndilo tunalopaswa kulidai: kasoro irekebishwe kwa tarehe tuliyokubaliana, la sivyo tuhame.

Wenzetu wanaouza vikoi Ulaya wajue kwamba kuanzia tarehe 14 Desemba 2027 bidhaa ya kazi ya kulazimishwa itapigwa marufuku katika soko la Umoja wa Ulaya. Lakini mimi singependa tungoje Ulaya. Kila nikivuka kwenda Kisauni napita Kengeleni, na kengele ile ni ya Frere Town, mji waliopewa makao watu waliokombolewa utumwani.

Fomu ziko kwa katibu. Kura itapigwa leo baada ya chai, na ikipita, naomba oda za Ramadhani zisilipwe hata moja bila fomu iliyojazwa.