Rimu yako haikupinda bure: habari ya matuta na baiskeli hapa Mombasa

Jumatatu asubuhi hapa kwetu Majengo ni siku ya magurudumu ya nyuma. Mtu aja kashika baiskeli kwa kiti, nyuma ameiinua juu, rimu yacheza kushoto kulia mpaka yakwaruza breki, na hata salamu bado, ashasema fundi nitafutie rimu nzito hii imenishinda. Sasa rimu nzito tunazo na wallahi tungependa kukuuzia manake biashara ni biashara, lakini ukienda nayo kwa njia ile ile na upepo ule ule wa tairi utarudi tena baada ya miezi miwili hivi na utasema fundi ni mwizi. Kwa hivyo wacha tuongee kwanza.

Swali letu huwa ni moja tu, ulipita wapi? Na jawabu mara nyingi ni tuta. Si shimo, mashimo watu wayaona wayakwepa, ni tuta. Lile la kumwagwa lami usiku, asubuhi limeshakauka, halina rangi wala kibao, limesimama pale katikati ya barabara kama kaburi.

Tuta zuri lipo na lina vipimo vyake. Waingereza walilipima miaka ya 1970 wakaja na la urefu wa mita 3.7 hivi na kimo kama sentimita 10, yaani unapanda polepole unashuka polepole, ukija taratibu hata chai haimwagiki, ukija kwa fujo linakurusha. Letu la mtaani mara nyingi ni fupi halafu refu kwenda juu, na hapo mambo yageuka kabisa, manake gari kubwa lenye springi laini likilipiga kwa spidi lalimeza tu, dereva asikia "dup" moja basi, lakini baiskeli hata ukienda mwendo wa mtu na miguu yake ni kama umegonga ukuta. Kwa hivyo lampiga yule ambaye tangu mwanzo alikuwa polepole. Na wenye magari wakishalivuka wakanyaga mafuta mpaka tuta lijalo kufidia muda, ukikaa hapa nje kibandani wasikia kabisa, breki, dup, halafu mngurumo.

Halafu kuna ile nafasi ya pembeni iliyoachwa maji yapite. Hapo ndipo sote twapenda kupita, si uongo. Lakini bodaboda naye aipenda, na tuktuk nayo yaingiza mguu mmoja, na mbele kuna mama kaweka beseni la viazi karai. Kuna kijana mteja wetu abeba mikate kupeleka Kisauni alfajiri, kreti mbili kwenye karia, alikuja na kioo cha pikipiki kimenasa kwenye mkono wa koti lake, kioo chenyewe kizima, mwenye pikipiki alienda zake hata hakusimama. Tulicheka siku hiyo lakini si mambo ya kucheka.

Wengine wakisikia hivi wasema basi matuta yaondolewe. Hapana, sisi hatuko huko. Watoto watoka madrasa saa kumi na moja wavuka bila kuangalia, vile watoto walivyo. Sheria ya Kenya yasema mjini mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na hata hiyo 50 ni nyingi mahali watu wamejaa. Piga hesabu na mimi: gari la 50 lenda karibu mita 14 kila sekunde, na dereva kushtuka tu mpaka mguu ufike kwa breki ni kama sekunde moja. Gari la 30, lami ikiwa kavu na breki nzima, lishasimama kabisa kwenye mita 13 hivi. Yaani mahali ambapo huyu wa 30 ameshasimama amtukana mtoto kupitia dirishani, yule wa 50 hata breki hajagusa. Mimi hesabu hii nikiifikiria huwa nanyamaza kidogo.

Lakini spidi haipunguzwi na tuta peke yake. Nenda Mji wa Kale, ingia Ndia Kuu, hesabu matuta kisha uniambie umepata mangapi. Gari laenda polepole kwa sababu njia ni nyembamba, kona haionyeshi mbele, na kuna mzee wa kahawa na paka na mtu abeba godoro, dereva hana ujanja. Baiskeli kule yapita raha mustarehe. Babu zetu hawakuwa na injinia wa barabara ila mtaa ulijengwa na watu wa miguu. Wazungu wenyewe walikuja kurudi huko huko, Groningen kule Uholanzi mwaka 1977 waligawa katikati ya mji sehemu nne, gari haliwezi kutoka sehemu moja likaingia nyingine moja kwa moja, lazima litoke nje lizunguke, lakini baiskeli yakata katikati. Wenye maduka walipiga kelele sana mwanzo. Leo mji ule wajulikana kwa baiskeli.

Haya, hiyo ni ndoto yetu, turudi kwa rimu yako.

Gurudumu la baiskeli halisimami kwa nguvu ya rimu, lasimama kwa spoki zilizovutwa sawa. Ile Black Mamba, baiskeli nzito ya zamani, ina spoki 32 mbele na 40 nyuma, walijua nyuma ndiko kuna mzigo. Moja ikilegea jirani zake zabeba kazi yake, kisha moja yakatika pale kwenye kona karibu na habu, kile kitovu cha gurudumu, kisha ya pili, na tuta lamaliza kazi iliyoanza zamani. Kwa hivyo jioni moja inua baiskeli, kamata spoki mbili mbili ubane kwa vidole ukizunguka. Ukipata moja laini kama uzi wa kuanikia nguo, ilete hiyo siku hiyo hiyo. Kuseti gurudumu lililolegea ni dakika ishirini, lililopigwa kona ni kununua jipya.

Upepo nao. Twaletewa pancha nyingi watu wasema ni msumari, twatoa tyubu twaizamisha kwa karai la maji na twaona mapovu yatoka sehemu mbili, vitundu viwili vimekaa ubavu kwa ubavu kama meno ya nyoka. Huo si msumari. Ni tairi laini limegonga ukingo wa tuta, tyubu ikabanwa kati ya tuta na rimu. Pembeni ya tairi pameandikwa PSI, yaani kipimo cha upepo, usome, na ukibeba mzigo ukaribie ile namba ya juu, usibonyeze tu kwa kidole gumba ukasema iko sawa.

Ukifika kwenye tuta simama kwa pedali, magoti yakunjike, kiti kikuachie. Breki funga kabla, ukilipanda achia, manake gurudumu lililofungwa breki lapokea kipigo chote. Na lipande moja kwa moja, usilikate mshazari haswa likiwa limelowa. Mwenye mzigo wa karia, huwezi kuruka nao, shuka tu usukume, hakuna aibu.

Na chumvi jamani. Hewa yetu yala nati za spoki, zikishika kutu hazizunguki tena, ukilazimisha spoki yakatika mkononi. Ukitoka kupiga picha ufuoni mwaga maji baridi ya kawaida, kausha, tia oili kidogo kwa cheni na kwa hizo nati.

Tuko wazi kila siku isipokuwa Ijumaa tunafunga saa sita tunarudi saa nane. Ukija usijaze upepo njiani, wacha vile vile ulivyoendesha, nataka kuiona ilivyo.