Umeuliza matokeo kupitia mkeo, nakujibu hadharani

Mdogo wangu,

Shemeji alinipigia Jumapili jioni. Tukasalimiana, akaulizia mguu wa mama, nikaulizia maji ya Dodoma kama yanatoka, halafu katikati ya maneno mengine akachomekea: "Hivi kaka, timu yenu inaendeleaje msimu huu?" Mke wako ni mtu mwema, lakini siku ya kwanza ulipomleta uwanjani kututazama tukicheza raga, mchezo usio na kipa, aliuliza kipa wetu yuko wapi. Swali lile halikuwa lake. Nilisikia mtu akikohoa pembeni, na kikohozi chako nakijua tangu tulipokuwa tunalala kitanda kimoja Sakina, hapa Arusha.

Basi kwa kuwa umejificha nyuma ya mkeo, mimi nakujibu mbele za watu. Wale uliowachekesha siku ile ya harusi yako nao wanasoma hapa.

Mechi ya kwanza, tarehe yake unaijua, ndiyo siku uliyooa. Tulifungwa 21 kwa 20, na kwenye mechi hiyo sisi ndio tuliofunga trai nyingi, nne kwa tatu. Nyie wasomaji ambao raga kwenu ni watu wazima kugombania yai (bibi yetu wa Kibosho ndivyo anavyosema) nivumilieni kidogo. Trai ni pale mchezaji anapoukandamiza mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani. Hiyo ni pointi tano. Kisha timu yake inapewa mkwaju wa kuongezea, na mpira ukipita katikati ya nguzo juu ya mtambaa wanapata mbili. Wenzetu waliongezea zote tatu. Sisi tulikosa zote nne. Hesabu ya darasa la pili hiyo. Ingekuwa Kombe la Dunia tungeondoka na pointi mbili za kufutia machozi, moja kwa kufunga trai nne na nyingine kwa kufungwa kwa tofauti isiyozidi saba. Huku kwetu tuliondoka na matope.

Na unajua winga wetu wa kushoto alivyo. Kumwambia afunge katikati ni kazi bure, yeye ni kona tu, akimaliza anatazama kamera ya simu iko wapi. Mkwaju unapigwa kwenye usawa wa pale trai ilipofungwa, kwa hiyo kila alipofurahia yeye sisi tulizidi kusogezwa pembeni ambako nguzo zinaonekana zimebanana. Mvua ya Aprili, udongo wetu mweusi umenata kwenye njumu, mpira mzito. Trai ya nne ilikuja dakika ya mwisho. Tukatazamana. Machalii wanaojua kupiga mikwaju kwenye kikosi kile walikuwa wawili, na wote wawili walikuwa kanisani kwako, mmoja amevishwa pete na mwingine amekuja kupiga picha. Nikapiga mimi. Mimi namba 3, ambaye tangu nianze mchezo huu kazi yangu ni kuinamisha kichwa kwenye skramu, pale watu wa mbele wa timu mbili wanapofungana mabega, na kusukuma. Mpira ulipita chini ya mtambaa, chini kabisa, refa hakuhitaji hata kuwatazama washika vibendera.

Najua ulishaambiwa hilo. Najua mlilicheka kwenye fungate. Nacheka na mimi, lakini mwenye kucheka ajiulize pia mpigaji alikuwa wapi.

Sasa tuongee tarehe, maana jambo hili kwenye ukoo linazungumzwa kana kwamba mimi niliamka asubuhi nikachagua mpira. Ratiba iliwekwa kwenye kundi la WhatsApp tangu Februari, na wewe uliijibu kwa kidole gumba. Sababu ya kucheza kipindi kile unaifahamu kuliko hata mwenyekiti. Nusu ya timu yetu ni watu wa utalii. Juni ikiingia, huyu yuko porini Serengeti na wageni, yule amepanda mlima, wagumu wote wako Kilimanjaro na mizigo kichwani, na mazoezini tunabaki walimu, mafundi na wale wasio na kazi. Masika ndiyo wakati vijana wako mjini. Kuna matope, ndiyo, lakini kuna watu. Na wewe nawe ulikuwa na hesabu yako: Kwaresma ikiisha ndoa zinafunguliwa, ukumbi wa Njiro unapata nafasi, bei haijapanda. Jumamosi zilikuwa nyingi baada ya Pasaka. Nilikwambia kwenye kikao cha kwanza cha kamati, mbele ya baba mdogo: sogeza wiki moja. Ukasema ukumbi hauna nafasi. Sawa. Baadaye yule mama wa mapambo aliniambia mwenyewe kwamba wiki iliyofuata ukumbi ulikuwa mtupu.

Halafu ukawachukua vijana saba wakupokee mlangoni mwa kanisa wakiwa na jezi. Nilibaki na kumi na watano, ndio wanaoingia uwanjani, benchi lina chupa za maji. Hebu wewe uliyecheza niambie, nahodha, yaani mimi, akiondoka hapo, na nahodha mwenyewe ni mtu wa safu ya mbele, kinatokea nini? Safu ya mbele haingii mtu yeyote tu, ni lazima awe amefundishwa, maana shingo ya mtu si kitu cha kujaribia. Akikosekana, skramu zinaamriwa zisisukumwe, zinakuwa za maonyesho. Na nguvu yetu yote ilikuwa hapo kwenye kusukuma. Watu walikuwa wametoka mbali, wamechanga nauli, wamelala kwa jamaa zao Ngarenaro. Niwaambie nini, kwamba nahodha ameenda harusini?

Kwenye kamati sikukuangusha hata siku moja. Mweka hazina nani? Aliyewafuata watu wa Kijenge na Tengeru mpaka majumbani kudai ahadi za mchango nani? Shangazi wa Usa River alitoa laki aliyoahidi baada ya mimi kukaa kwake jioni nzima nikila ndizi nisizozitaka. Kanisani sikufika, ni kweli, lakini ukumbini nilifika kabla chakula hakijatoka. Nilinawa bombani nje, nikavaa sare ya kamati, nikaingia.

Lile la keki sasa.

Wazazi walikwisha kulishwa, wakwe wamekwisha kulishwa, ndafu bado iko pale mezani na majani yake mdomoni. MC akasema, "Sasa naomba ndugu wa bwana harusi, wale waliokula naye sahani moja." Nikasimama. Nani mwingine angesimama? Nimekula na wewe sahani moja tangu una miaka minne, tangu baba mdogo alipokuleta kwetu na kibegi cha shule. Nikafunga kifungo cha koti nikatoka kwenye meza ya kamati, nikafika katikati ya ukumbi, pale penye taa. MC akatazama karatasi yake. Akanitazama sikio, maana kumbe tope lilikuwa limebaki nyuma ya sikio. Akasema kwenye kipaza sauti, "Kaka, wewe hapana. Hapa kuna majina ya waliofika kanisani. Kaa, labda kuna dakika za nyongeza."

Ukumbi mzima ukalipuka. Sikuwatazama wao. Nilikutazama wewe. Ulikuwa na kipande cha keki kwenye kijiti, mkono umeuinua, na ulicheka. Ungeweza kusema "mwacheni aje." Maneno mawili tu. Ungeweza hata kunyamaza. Mama alikuwa meza kuu, akainama kwenye sahani yake kama anatafuta kitu.

Nilirudi nikakaa. Nikala. Usiku ule ulipoondoka na magari yanapiga honi, mimi ndiye nilibaki kuhesabu fedha, nikawalipa wa vyombo, wa muziki, na huyohuyo MC. Nilimpa bahasha yake imekamilika, akanishukuru, akaniambia nisichukie, ile ni sanaa. Nikamuuliza ile karatasi ya majina alipewa na nani. Akasema, "Bwana harusi."

Hilo sijalimeza, na sitajifanya nimelimeza kwa sababu Desemba tutakutana Kibosho na bibi atataka tukae mkeka mmoja. Tutakaa. Nitakupitishia mbege. Lakini nitakuwa najua, na wewe utakuwa unajua.

Nikupe ushauri, maana bado ni kaka yako. Ndoa changa inataka utulivu. Usiwe mtu wa kumtuma mkeo ujumbe ambao wewe unaogopa kuubeba, kesho atachoka kuwa tarishi. Ukikasirika na mtu, mwite chumbani umwambie. Usimwekee mtego mbele ya watu mia tatu waliovaa vizuri. Mimi nilipokukasirikia ulipochelewa mechi ya Moshi mwaka juzi nilikuita nyuma ya gari, nikakwambia, yakaisha, ukaingia kipindi cha pili ukapiga penalti tatu. Sikukutoa mbele ya vijana. Kuna watu kwenye timu waliotaka nikutoe. Nilikulinda, na siku hiyo sikuwahi kuidai malipo, naitaja leo kwa sababu umenilazimisha.

Na mchezo wenyewe ulifundishwa na nani? Unakumbuka Aprili 2016, Kenya ilipowatandika Fiji 30 kwa 7 kwenye fainali ya raga ya watu saba kule Singapore? Mwenye baa pale Kaloleni alikuwa na mpira wa Uingereza kwenye televisheni, nikamnunulia soda mlinzi, mwenyewe nikambembeleza, akatubadilishia chaneli kwa kununa. Collins Injera akifunga tulikuwa watu wachache tunaopiga kelele na baa nzima inatushangaa. Usiku ule ulirudi nyumbani ukaanza kudondosha mpira na kuupiga juu ya paa kama wale wa timu za watu saba wanavyoongezea, mpaka baba akatoka na tochi. Paa lile linavuja hadi leo juu ya kitanda chetu cha zamani. Mguu wako ule wa kulia ulianzia pale, mimi nikiwa muokota mipira.

Haya, matokeo mengine. Mechi ya pili walikuja wale wa ng'ambo ya Namanga. 38 kwa 12. Sina mengi. Walikuwa na watu ishirini na watatu waliolala usingizi mzuri, na namba 8 wao akikupita unasikia upepo. Mtu wetu wa nyuma kwenye skramu aliteguka bega, anaendelea vizuri, anakusalimia. Kijana wa Sombetini alipewa kadi ya njano kwa kumkaba mtu shingoni, na katika zile dakika kumi tulifungwa trai mbili.

Mechi ya tatu tulishinda. 22 kwa 15, nyumbani, dhidi ya watani wetu wa Moshi. Na hapa usome taratibu. Jezi namba 10 amevaa kijana wa chuo, ana miaka kumi na tisa, alikuwa anacheza soka Unga Limited. Anapiga kwa upande wa mguu, kizembe, hata hapumui vizuri kabla ya kupiga. Siku hizi sheria imepunguza muda wa mkwaju wa kuongezea kutoka sekunde 90 hadi 60, na wewe na ile sala yako ndefu sijui ungefanyaje. Yeye inamtosha na inabaki. Tulifunga trai tatu, akaongezea mbili, na penalti moja dakika za mwisho iliyowamaliza. Watu walimbeba.

Nilifurahi. Nilikuwa wa kwanza kumkumbatia. Halafu akanifuata akaniuliza, "Kepteni, hivi pale upepo unapotokea Meru jioni, yule kaka wa zamani alikuwa anaulenga upande gani?" Nikamwambia alenge nguzo ya kushoto, upepo utamaliza mwenyewe. Hiyo ni yako. Nimempa bila kukuomba ruhusa.

Jumamosi hii tunarudiana nao kwao. Moshi kule chini ya mita 1,000 joto linabana na mpira hausafiri kama huku kwetu kwenye 1,400, kwa hiyo tunataka kijana azoee mapema. Tatizo ni kwamba anaweka mpira juu ya kichuguu cha udongo. Sheria inaruhusu, hata mchanga unaruhusiwa, lakini udongo wetu ukilowa kichuguu kinalala kabla hajapiga. Kile kitako cha plastiki cha kuwekea mpira, cha rangi ya machungwa, ni mali ya klabu. Tulikinunua kwa mchango, stakabadhi ninayo. Kilikuwa kwenye begi lako la mazoezi na begi hilo shemeji ameniambia liko chini ya kitanda chenu.

Kifunge kwenye mfuko, uandike jina langu na namba ya simu, ukabidhi basi la asubuhi. Nitakipokea stendi. Nauli ya mzigo nitalipa huku.