Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kazi ya Mtu Iombwe Kwanza

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama atazisoma mhazini. Mimi nitajikita kwenye jambo lililotula muda mwingi mwaka huu: ugomvi wa basi.

Mwenzetu mmoja aliunda basi la mikoani kwa ajili ya Bus Simulator Indonesia, gemu inayomruhusu mchezaji kuingiza gari alilotengeneza mwenyewe. Taa, dashibodi, hadi mikwaruzo ya bampa, vyote vya mkono wake. Mwenzetu mwingine akalichukua, akalipaka rangi mpya, akabadilisha honi, akalifunga kwa nywila na kuanza kuliuza kwa pesa za simu. Jina la muundaji halikuwepo popote.

Kamati iliwakutanisha. Yule wa pili alijitetea kwamba modi ile, yaani nyongeza ya gemu aliyoiunda mwenzake, ilikuwa ikipakuliwa bure, na kwamba gemu yenyewe si yetu. Hoja hiyo niliikataa na nitaendelea kuikataa. Kutoa bure si kuacha haki yako. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, kazi inalindwa tangu inapoundwa, haingoji usajili. Mwenye gemu ana masharti yake, nasi tunayafuata, lakini hayampi mtu ruhusa ya kufuta jina la mwenzake.

Yalishawakuta wengine. Aprili 2015 Valve, wenye duka la gemu la Steam, na Bethesda, watengenezaji wa gemu ya Skyrim, waliruhusu modi za gemu hiyo ziuzwe, muundaji akipata asilimia 25 ya mauzo. Modi moja ya uvuvi ikazua mzozo papo hapo: ilitumia kazi ya muundaji mwingine, aliyeitoa bure na hakuwa ameridhia iingie sokoni. Ikaondolewa, na siku chache baadaye mpango wote ukafutwa. Pesa ilipoingia ndipo ilipoonekana nani hakuulizwa.

Nafurahi sana kusema wenzetu wamepatana. Basi lile limeondolewa sokoni, na sasa wanaunda jipya pamoja: mmoja bodi, mwingine rangi na sauti, majina yote mawili ndani ya faili.

Rasimu ya fomu ya kuomba ruhusa ya kutumia kazi ya mwenzako mmeshatumiwa, na tutaipigia kura leo. Kipengele cha sauti za injini na honi zinazorekodiwa stendi mkisome kwa makini. Kamati bado haijaafikiana kuhusu hicho, na tunahitaji maoni yenu kabla ya kura.