Anayepanda Irente kutafuta kisanduku ashuke na takataka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wote wanaopanda Irente, wageni na wenyeji, kuhusu takataka zinazozidi pale juu ya jabali, na kuhusu mchezo mmoja wa kutafuta visanduku vilivyofichwa, ambao naamini unaweza kutusaidia kuziondoa iwapo utachezwa kwa adabu.

Kwa asiyepafahamu, Irente ni mwendo wa kilomita tano hivi kutoka Lushoto mjini. Unapita kwenye mashamba ya mahindi na mboga, halafu ghafla ardhi inakatika mbele ya miguu yako. Chini kabisa, takriban mita 1,000, yapo Mazinde na mashamba yake ya mkonge, na barabara kuu iendayo Moshi imelala kama uzi, na ng'ambo yake ni nyika ya Wamasai hadi macho yachoke. Nilifundisha jiografia miaka mingi, na kila nilipowapeleka wanafunzi pale sikuhitaji chaki kuwaeleza jinsi milima ya Usambara ilivyoinuka kwa kupasuka kwa ardhi.

Mwezi uliopita mpwa wangu alikuja likizo kutoka Dar es Salaam, akaniomba nimsindikize huko. Tulipofika hakukimbilia ukingoni kupiga picha kama wafanyavyo wengi. Alitoa simu, akawa anatembea polepole huku anaitazama, anasimama, anarudi hatua mbili, anainama. Nikamuuliza amepoteza nini. "Sijapoteza kitu, mjomba," akanijibu, "natafuta kisanduku kilichofichwa." Baada ya robo saa hivi akatoa katikati ya mawe kikopo kidogo chenye mfuniko unaobana sawasawa, na ndani yake karatasi iliyokunjwa yenye majina na tarehe za waliotutangulia. Akaandika jina lake, akanipa kalamu nami niandike langu, kisha akakirudisha palepale kilipokuwa. Mahali penyewe sitapataja, maana nikifanya hivyo nitakuwa nimewaharibia wenzetu raha ya kukitafuta.

Mchezo huo huitwa jiokashingi, nao una asili inayojulikana. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000, serikali ya Marekani ilikuwa ikivuruga kwa makusudi mawimbi ya setilaiti za GPS, yaani zile zinazokiwezesha kifaa kama simu kujua mahali kilipo, yanayotumiwa na raia, hata kipimo cha mahali kikaweza kukosea kwa mita 100. Uvurugaji huo ulipokomeshwa, siku iliyofuata, tarehe 3 Mei, Dave Ulmer alificha ndoo msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza kwenye intaneti latitudo na longitudo zake ili wengine waitafute. Leo visanduku vya namna hiyo vimefichwa duniani kote, na kwa mamilioni. Jambo lililonivutia zaidi ni kwamba tangu mwaka 2002 wachezaji wenyewe wamejiwekea utaratibu wa kuokota taka kila waendapo kutafuta, na hukusanyika kwa makundi kusafisha mahali wapapendapo.

Ndivyo alivyofanya mpwa wangu. Alifungua begi akatoa kiroba kitupu, nasi tukaanza kuokota. Tulipata chupa za maji na za soda, vizibo, karatasi za biskuti, na nepi moja ya mtoto iliyosokomezwa kwenye ufa wa jiwe. Chini ya kichaka niliuona mfuko wa rambo, nikaushika, ukavunjikavunjika vidoleni mwangu kama jani kavu, ikanibidi nipige magoti kuviokota vipande kimoja kimoja. Mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini huu ulikuwa bado upo, tena sasa umekuwa vipande mia badala ya mfuko mmoja. Kwa saa moja kiroba kilijaa, na hatukuwa tumeondoka hatua hamsini kutoka njiani.

Watu wengi hawajui jabali lile linavyofanya kazi. Mchana upepo hupanda kutoka bondeni ukiegemea mwamba, kwa hiyo karatasi anayoirusha mtu akidhani imekwenda zake chini humrudia kupita juu ya kichwa chake na kunasa vichakani nyuma yake. Kilicho kizito, kama chupa iliyobaki na maji, huangukia kwenye vidaraja vya mwamba ambako hata mbuzi hafiki, na kikishafika huko hakuna wa kukitoa. Ndiyo maana nasema taka ya Irente huokotwa kabla haijavuka ukingo, au haiokotwi kabisa. Kwa sababu hiyohiyo nawasihi walimu watakaoleta wanafunzi kusafisha wasiruhusu mtoto kusogelea ukingo kwa ajili ya chupa, chupa iachwe.

Wachezaji nao nina neno nao. Kanuni za mchezo wao zinakataza kuchimba ardhi ili kuficha kisanduku, zinakataza kuweka chakula ndani yake kwa kuwa wanyama hukinusa, na zinataka mwenye eneo aombwe ruhusa. Nawaomba wazishike kanuni hizo Usambara kuliko mahali pengine popote. Milima hii ndiyo nyumbani kwa Saintpaulia, lile ua dogo la zambarau lililopelekwa Ulaya mwishoni mwa karne ya 19 na sasa limejaa madirishani kote duniani, na ua hilo hupenda hasa mawe yenye kivuli na unyevu. Mtu anayebandua kuvu na majani juu ya mwamba kwa pupa ya kukiona kikopo anaweza kung'oa kitu ambacho porini huota sehemu chache tu.

Najua wapo watakaosema liwekwe pipa. Mapipa nimeyaona katika sehemu nyingine za mandhari; yasipozolewa hujaa kwa wiki moja, na upepo humaliza kazi iliyobaki. Naona afadhali waongoza watalii wetu, vijana wanaopanda na wageni karibu kila siku, wampe kila mgeni mfuko wa karatasi au kiroba kidogo kabla ya kuanza safari, na uongozi wa kijiji uweke mahali pa kuvipokea viroba hivyo chini barabarani, ambako gari la taka linaweza kufika.

Tanzania tumekwisha kuwa na desturi ya usafi kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mimi na majirani wachache tumekubaliana kwamba Jumamosi hiyo ya mwezi huu tutaifanyia Irente, kuanzia saa moja na nusu asubuhi, kabla upepo haujaanza kupanda. Viroba tunavyo, mwenye glavu aje nazo.

Mwalimu mstaafu,
Lushoto, Tanga