Karthago: sarafu na mifupa si hati ya kabila

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu Hannibal, jemadari wa Karthago, mji wa kale katika Tunisia ya leo aliyepigana na Roma, imeamsha ubishi uleule wa siku zote: huyu anasema Hannibal alikuwa Mwafrika mweusi, yule anasema alikuwa Mlebanoni wa kuja. Wote wanaegemea ushahidi usiobeba hoja zao.

Tuanze na sarafu mliyoichapa. Upande mmoja ina kichwa cha mtu mweusi, upande wa pili tembo mwenye kengele shingoni. Ni ya shaba, na sarafu za aina hiyo hupatikana Italia, hasa bonde la Chiana, nchi ya Waetruski, watu wa kale wa Italia. Haina jina la Hannibal wala la Karthago. Huenda aliyechorwa ni mwendesha tembo. Sura ya Hannibal iliyothibitishwa haipo, hata moja.

Wenye hoja ya Lebanoni nao wameangushwa na vinasaba. Utafiti mkubwa uliotoka 2025 ulipima mabaki ya watu wapatao 200. Katika miji ya Kipuniki, yaani ya Karthago na jamaa zake, ya magharibi mwa Mediterania, kuanzia karne ya 6 hadi ya 2 KK, damu ya Foinike, pwani ya Lebanoni ya leo walikotoka waanzilishi wa Karthago, ilikuwa kidogo mno. Wengi walifanana na watu wa kale wa Sisilia na visiwa vya Ugiriki, na wengine walikuwa na asili ya Afrika Kaskazini. Lakini hapa pana mtego: walowezi wa mwanzo walichoma maiti zao, na moto huharibu vinasaba. Tunaowapima ni wale waliozikwa baadaye. Aliyeshuka merikebuni kutoka Tiro, mji wa Foinike, mwaka 814 KK kwa mapokeo, hayumo kwenye vipimo hivyo.

Tahadhari nyingine ni kwa wanaopenda kumtaja kijana wa Byrsa, kilima cha Karthago, ambaye mifupa yake ilifukuliwa 1994. Kilichopimwa kwake ni nasaba ya upande wa mama, na ikaelekea Ulaya. Ukirudi nyuma vizazi 10, kila mtu ana nafasi 1,024 za mababu na mabibi. Kipimo hicho kinamgusa mmoja tu.

Kilichowafanya kuwa watu wa Karthago ni mji, lugha na miungu. Qart-hadasht maana yake Mji Mpya, na hilo "hadasht" ni ndugu wa mzizi wa Kiarabu uliotupatia neno "hadithi". Kila mwaka walichagua watawala wawili walioitwa shofetim, neno lilelile la Kiebrania linalokipa jina kitabu cha Waamuzi. Jina Hannibal maana yake "neema ya Baali", mungu wao. Ndoa zao hazikujali mipaka: Hamilcar, babake Hannibal, aliahidi kumwoza binti yake kwa Naravas, mkuu wa Numidia, nchi jirani ya Afrika Kaskazini, na Hannibal mwenyewe alioa mwanamke wa mji wa Castulo, Hispania.

Wala watu hao hawakwisha Warumi walipouteketeza mji mwaka 146 KK. Zaidi ya miaka 500 baadaye, Agostino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, alipotaka kuwapa Wakristo wa Fussala, mji wa jirani, askofu wao, sharti mojawapo lilikuwa ajue Kipuniki, lugha ya Karthago.

Mkiichapa tena sarafu ile, tafadhali andikeni chini yake ilikotoka.

Mwalimu wa historia,
Dodoma