Mgawo wa wanyama kwa wawindaji wenyeji ubandikwe ukutani kabla ya Julai

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nieleze jambo ambalo nimelikalia kimya kwa miaka mingi, yaani njia anayopitishwa mwananchi anayeishi jirani na pori anapoomba leseni ya kuwinda nyati, pofu au kongoni kwa bunduki yake mwenyewe na kwa ajili ya kitoweo cha nyumbani kwake. Siandiki kuhusu uwindaji wa kitalii, ambao una ada zake za dola na watetezi wake wa kutosha. Naandika kuhusu leseni ya mwenyeji. Hoja yangu ni kwamba idadi ya wanyama waliotengwa kwa wenyeji itangazwe kabla msimu haujafunguliwa mwezi Julai, droo ya waombaji ichezeshwe mbele ya watu, na kila leseni itoke na lebo ya kufungwa kwenye mnyama aliyeuawa.

Mwaka 1998, nikiwa na bunduki niliyorithi kwa marehemu baba na kibali chake nilichokihuisha polisi, nilikwenda katika ofisi iliyokuwa ikitoa leseni wakati ule, nikaomba kongoni mmoja na ngiri mmoja. Ilikuwa wiki ya kwanza ya msimu. Bwana nyama aliyenipokea, ambaye simtaji jina wala wilaya, alivuta daftari lenye jalada gumu la buluu, akaliinua upande wake ili nisione ndani, akapitisha kidole kwenye mistari kutoka juu hadi chini, kisha akalifunga na kusema, "Mzee, kongoni wamekwisha." Sikuwa mzee wakati huo, nadhani aliniita hivyo ili niondoke kwa heshima. Nilipomwuliza walikuwa wangapi tangu mwanzo, alijibu kwamba hayo ni mambo ya ofisi. Wiki tatu baadaye jirani yangu mmoja alirudi na kongoni dume amelazwa kwenye mkokoteni, na leseni yake ilikuwa halali kabisa, ina mhuri na sahihi, imetolewa siku kumi baada ya mimi kuambiwa kwamba wamekwisha. Sikumlaumu jirani yangu, kwa sababu hakuvunja sheria yoyote, na isitoshe paja moja la mnyama huyo lililiwa nyumbani kwangu.

Mpaka leo sijui kama nilidanganywa. Huenda mwombaji mwingine alirudisha leseni yake, au mgawo uliongezwa baadaye kwa barua kutoka juu. Ninachosema ni kwamba hapakuwa na karatasi yoyote ambayo mimi, jirani yangu na yule bwana nyama tungeweza kuitazama sote watatu tukakubaliana kwamba idadi ni hii, waliokwisha kutolewa ni hawa na waliobaki ni hawa.

Mwaka uliofuata nilipata kazi ya kusaka nyayo katika kambi moja ya uwindaji wa kitalii ndani ya Pori la Akiba Moyowosi, upande wa Kigoma, na kazi hiyo niliifanya hadi magoti yalipokataa. Wasomaji wanaoifahamu Moyowosi wanajua kwamba ni sehemu ya ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi, eneo la kwanza la nchi yetu kuingizwa katika Mkataba wa Ramsar wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000, na kwamba wageni huvuka bahari kufuata nzohe, yaani swala wa kwenye mafunjo, na nyati wa kwenye mbuga, wakavumilia mbung'o ambao hata sisi wenyeji hatujawazoea. Katika kambi ile niliona kwamba kwa mgeni kila kitu kina karatasi. Askari wa wanyamapori alifuatana nasi kila siku akiwa na kibali chenye orodha ya wanyama. Mnyama alipoanguka, tarehe na mahali viliandikwa palepale, mara nyingine juu ya goti, kalamu ikiteleza kwa jasho. Mnyama aliyejeruhiwa akapotea alihesabiwa kuwa ameuawa na akalipiwa. Nimewahi kufuata damu ya nyati tangu asubuhi hadi jua la saa tisa, tone moja kwenye jani, jingine kwenye shina la nyasi, na tulipoipoteza kwenye maji yule mgeni alitia sahihi bila kubisha.

Mgeni huyo, mtu wa Pennsylvania huko Marekani, ndiye aliyenifungua macho. Ilikuwa Septemba 2012, usiku, moto ukiwa umebaki makaa. Mwindaji bingwa wetu, aliyekuwa akitutafsiria, alimwambia kwa utani kwamba mimi niliwahi kunyimwa kongoni katika nchi yangu mwenyewe. Mgeni hakucheka. Alitoa pochi, akachomoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaniwekea mkononi. Ilikuwa leseni ya msimu uliotangulia ya kuwinda elki katika jimbo la Wyoming, naye elki ni mnyama mkubwa wa kule, dume lake lina pembe zenye matawi kama mti uliokauka. Chini ya leseni hiyo palikuwa na kipande cha kukatwa, chenye namba, jina la mnyama na namba ya eneo la kuwindia, na kando yake miezi na tarehe zimepangwa kwa mistari. Alinieleza kwamba mtu akishaua hukata mwezi na tarehe ya siku ile kwa kisu, hutia sahihi, na kukifunga kipande hicho kwenye mzoga kabla hajauondoa mahali ulipoangukia. Chake kilikuwa kizima, hakikukatwa popote. Alikuwa ameomba leseni ile kwa miaka mitano, akaipata, akalala milimani siku tisa, akarudi mikono mitupu.

Nilimwuliza kwa nini mtu mwenye fedha za kuja Moyowosi asubiri miaka mitano kwa ajili ya mnyama wa nyumbani kwao. Jibu lake lilinishangaza, na baadaye, kwa msaada wa mwanangu mwenye kompyuta, nilithibitisha kwamba alisema kweli. Huko kwao wanyamapori ni dhamana ya kila jimbo, hivyo mtu wa Pennsylvania akienda Wyoming ni mgeni kama alivyo mgeni kwetu, na katika misitu ya serikali kuu iliyotengwa ibaki bila barabara, jimbo hilo humlazimisha awe na mwongozaji au mkazi wa jimbo anapowinda wanyama wakubwa. Maombi hufungwa miezi mingi kabla ya msimu. Idadi ya leseni kwa kila eneo hutangazwa, droo huchezeshwa, kisha idara ya wanyamapori ya jimbo huchapisha jinsi mambo yalivyokwenda: eneo fulani lilikuwa na leseni kadhaa, waliomba watu kadhaa, wakapata kadhaa. Aliyekosa anaweza kukasirika apendavyo, lakini anajua aliwakosa elki wangapi na alishindana na nani kwa hesabu.

Sina nia ya kuyasifu yote ya Wyoming. Wageni wanaoomba elki kule hununua pointi kila mwaka, yaani alama za kumpa mwombaji kipaumbele katika droo zijazo, na robo tatu ya leseni zao huwaendea wenye pointi nyingi zaidi, robo moja ikibaki kwa bahati tupu. Matokeo yake ni foleni inayorefuka mwaka hadi mwaka, ambamo kijana anayeanza leo huwatazama wazee waliomtangulia kama abiria wa daraja la tatu anavyotazama treni iliyojaa ikiingia stesheni ya Tabora. Kwa mazingira yetu napendelea zaidi mfano wa New Mexico, ambako hakuna pointi: kila mwaka wote huanza sawa, na katika droo ya wanyama wakubwa asilimia 84 ya leseni hutengewa wakazi wa jimbo, asilimia 10 waombaji waliopatana na mwongozaji aliyesajiliwa, na asilimia 6 wageni wasio na mwongozaji. Mkulima wa tumbaku wa Urambo hana muda wala fedha za kulimbikiza pointi, lakini jina lake linaweza kuingia kwenye kopo pamoja na majina mengine.

Kuhusu lebo nitasema kwa kirefu kidogo, kwa sababu najua wapo watakaosema kwamba jangili haombi leseni na kwa hiyo lebo haitamzuia. Ni kweli haitamzuia kupiga. Itamzuia kuuza. Tangu zilipotungwa kanuni za mwaka 2020 za uuzaji wa nyamapori, bucha la nyamapori ni biashara inayotambuliwa kisheria, na nyama iliyokwisha kukatwakatwa haina uso: paja la pofu aliyewindwa kwa leseni na paja la pofu aliyepigwa kwa gobore usiku hufanana katika ndoano. Askari kwenye kizuizi cha barabara akimkuta mtu na nyama kwenye baiskeli humwuliza leseni, naye huonyesha karatasi ambayo huenda imekwisha kutumika mara tatu, kwa sababu hakuna kitu kinachoiunganisha karatasi ile na mnyama huyu. Pofu dume anaweza kufikia kilo 900. Nyama yake haibebwi kwa safari moja, na katika safari hizo ndipo leseni moja hugeuka kuwa tatu. Lebo yenye namba, iliyotobolewa tarehe na kufungwa mguuni kabla mnyama hajachunwa, na vipande vya nyama vikafuatana na namba hiyohiyo hadi buchani, ni gharama ndogo sana. Wafugaji wetu wa ng'ombe wamekwisha kuzoea hereni zenye namba masikioni mwa mifugo yao, basi sioni kwa nini mwindaji ashindwe kufunga kamba.

Wapo pia watakaosema kwamba droo ya wazi ni mambo ya nchi tajiri. Nawakumbusha kwamba tangu mwaka 2019 vitalu, yaani maeneo ya uwindaji wa kitalii, vimekuwa vikiuzwa kwa mnada wa kielektroniki, badala ya kugawiwa kwa maamuzi ya mezani, na wizara ilistahili pongezi kwa hatua hiyo. Ikiwa kitalu kizima kinaweza kushindaniwa kwa uwazi, kongoni mmoja wa mwanakijiji hawezi kuwa mgumu kuliko kitalu. Mwaka huohuo wa 2019 Pori la Akiba la Mto Ugalla lilipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna uwindaji wa aina yoyote. Silalamikii uamuzi huo, ingawa naikumbuka Ugalla kama mtu anavyokumbuka shamba la babu yake. Nasema tu kwamba maeneo yanapopungua, waombaji wanaobaki hubanana kwenye sehemu chache zaidi, na ndipo daftari la buluu linapozidi kuwa na nguvu.

Mwaka jana mpwa wangu, kijana mwenye bunduki halali, alitaka kujua namna ya kuomba. Nilimwandikia hatua kama nilivyozikumbuka, akaenda. Ofisi ya kwanza ilimwelekeza ya pili, ya pili ikamwelekeza ya tatu, na ya tatu ikamwuliza kwa nini hakuanzia ya kwanza. Alitumia nauli ya siku mbili na akarudi akisema, "Mjomba, kumbe ni rahisi kununua nyama kwa wale wa usiku." Nilimkemea, kwa kuwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haina mzaha na mtu wa namna hiyo wala na mnunuzi wake. Lakini nilipokuwa namkemea nilijua kwamba sikuwa na njia nyingine ya kumwonyesha.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Maliasili na Utalii ijaribu jambo hili katika sehemu moja kabla ya kulipeleka nchi nzima, na napendekeza wilaya za Urambo na Sikonge, ambako jumuiya za vijiji za hifadhi ya wanyamapori za Uyumbu na Ipole zimekwisha kuwazoesha wanavijiji kukaa kikao juu ya wanyamapori. Mwezi wa Aprili ibandikwe katika kila ofisi ya kijiji karatasi moja tu, ikionyesha eneo, aina ya mnyama, idadi iliyotengwa kwa wenyeji, ada na mahali pa kupeleka maombi. Mwezi wa Mei maombi yafungwe. Mwezi wa Juni droo ichezeshwe kwenye uwanja wa mkutano, na mtoto wa shule achomoe majina. Waliopata wapewe kwanza mafunzo ya siku moja au mbili, kwa kuwa wengi wetu tulifundishwa na baba zetu, ambao walijua kulenga lakini hawakujua kanuni. Katika jimbo la Colorado huko Marekani, kwa kawaida hakuna aliyezaliwa tangu 1 Januari 1949 anayeuziwa leseni bila kuonyesha cheti cha mafunzo ya uwindaji. Msimu ukiisha, karatasi ya pili ibandikwe palepale, ikionyesha lebo zilizorudi zikiwa zimetobolewa na zilizorudi zikiwa nzima.

Mimi sitaomba tena, kwa maana bunduki ya baba nilikwisha kuisalimisha polisi na macho hayaoni nyayo kama zamani. Mpwa wangu ameniahidi kwamba karatasi ya kwanza ikibandikwa atakuwa wa kwanza kuisoma, na kwamba safari hii ataomba ngiri tu.

Wako,
Msaka nyayo mstaafu,
Urambo, Tabora.