Mkinunua almasi msiishie kuuliza karati

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Siku hizi kila habari ya pete ya uchumba, hata kwenye magazeti yetu, utaambiwa jiwe ni karati ngapi na ni la duara au la mraba, basi imeisha hiyo, wakati kubwa kuliko yote ni limekatwaje. Umbo ni vile linavyoonekana kwa juu, duara, yai, tone, moyo, hapo kila mtu na anachopenda. Ila ukataji ni kazi ya fundi, zile nyuso ndogondogo na pembe zake, na kumeremeta kote kunatoka hapo.

Duara la kisasa lina nyuso 57 au 58, na vipimo vyake vinarudi kwenye hesabu alizotoa Marcel Tolkowsky, mhandisi wa ukoo wa wakata almasi, mwaka 1919. Mwanga unaingia juu, unagonga pande za chini, unarudi kwenye jicho lako. Sasa jiwe likikatwa bapa sana mwanga unavujia chini, likiachwa nene sana katikati panakuwa peusi, na kuna wanaoliacha nene makusudi kabisa ili lifike karati moja maana bei inaruka hapo. Jamani karati ni uzito, gramu 0.2, sio ukubwa! Duara la karati moja lililokatwa vizuri lina upana wa kama milimita 6.5, ukipewa la 6.1 ujue uzito umefichwa chini unalipia kitu hata hukioni.

Fundi wa kweli anakubali kupoteza. Ile almasi ya pinki ya Mwadui kule Shinyanga, ya 1947, ambayo Williamson, mwenye mgodi ule, alimzawadia Princess Elizabeth (baadaye Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza), ilitoka ardhini na karati 54.5 ikabaki 23.6 baada ya kukatwa duara. Zaidi ya nusu imekwenda, na mpaka leo inasifiwa dunia nzima.

Maumbo mengine nayo yana mambo yake. Yai, tone na marquise, lile jembamba lenye ncha mbili, hutokea kivuli cheusi katikati, lichezeshe mkononi ukione. Emerald, lile la mstatili lenye nyuso za ngazi, halifichi doa hata moja kwa hiyo tafuta jiwe safi. Lile la mraba linaloitwa princess, pembe zake zinamegeka kirahisi, hakikisha pete inazishika zote nne. Cheti cha GIA, taasisi ya Marekani inayopima vito, ni kizuri lakini daraja la ukataji walilianzisha 2006 kwa duara, kwa hiyo kwenye maumbo mengine macho yako yafanye kazi, na mwombe sonara mtoke nalo mpaka mlangoni kwenye mwanga wa kawaida kwa sababu taa za dukani zinang'arisha hata jiwe bovu.

Naomba ukurasa wenu wa mitindo uandike haya kwa kirefu, tena kwa michoro, na mkitaja karati za pete ya mtu mtupe na milimita zake.

Msomaji wenu,
Mwanza